Kuchora mbao kwa msumari wa moto: Kazi ya mikono yenye gharama ndogo, lakini linda macho, mapafu na ngozi ya mwanao

 

Huenda ukajiuliza mada ya leo imeingiaje katika safu ya afya na usafi. Imeingia kupitia kiganja cha kijana wa miaka 12. Wakati wa likizo, yeye na wenzake wa madrasa walikuwa wakichora miko, pawa na vibao vya kukatia mboga kwa chuma cha moto, wakitia maua na majina ya wenye navyo, wakitaraji kuviuza kabla ya Iddi. Mama yake alinionyesha kiganja hicho kikiwa kimepakwa dawa ya meno, na chini ya ile dawa malengelenge yalikuwa yamepasuka na kuanza kutunga usaha. Kijana alishika msumari akidhani umeshapoa. Kwa macho ulikuwa umepoa kweli, kwa sababu wekundu ulikuwa umekwisha. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia kwamba chuma huacha kuonekana chekundu kikiwa bado na joto la karibu nyuzi 500 za Selsiasi, yaani mara tano ya maji yanayochemka.

Sikumwambia mama yule amkataze mwanawe. Kazi ya mikono ni heshima, na kijana anayejipatia shilingi ya halali kwa kipande cha mti wa mpera na msumari mmoja anastahiki kusaidiwa. Alichokosa ni maelekezo, na hayo ndiyo tutakayojaribu kuyatoa leo inshaallah.

Zana zinazopatikana nyumbani

Kalamu maalumu ya umeme ya kuchorea mbao ipo madukani lakini bei yake ni kubwa kwa familia nyingi. Vijana wetu wameivumbua ya kwao. Msumari wa nchi nne unapigwa kwenye gunzi kavu la mahindi au kipande cha mpini wa jembe la zamani, ncha yake inafuliwa kwa nyundo ikawa bapa kidogo, na tayari ni kalamu ya kuchora mistari. Kichwa cha msumari kinatoa nukta. Kipande cha bomba jembamba la chuma, wazi pande zote mbili, kinatoa duara, na ukikiinamisha kinatoa mwezi mwandamo. Nati iliyofungwa kwenye boliti inatoa umbo la pembe sita, na nati hizo zikipangwa vizuri utapata nakshi za nyota kama zile za kwenye mimbari. Chuma cha kuchomea mishikaki ni bora kuliko vyote hivi, kwa sababu ni kirefu na mkono unakaa mbali na moto.

Urefu ndio wa kuzingatia kwanza. Chuma kinasafirisha joto, na msumari mfupi utaunguza mkono hata kama ncha ndiyo pekee iliyoingia kwenye makaa. Kutoka kwenye ncha hadi kidole kipate shubiri nzima. Mpini uwe wa mti au gunzi, wala si wa plastiki. Bisibisi kuukuu yenye mpini wa plastiki ikipata moto mpini wake hulegea, chuma kikageuka mkononi, na plastiki iliyoyeyuka ikinata kwenye ngozi haibanduki ila na ngozi yenyewe.

Jambo la pili ni aina ya msumari, na hapa naomba wazazi wanisikilize vizuri. Misumari ya kuezekea bati, na nati na boliti nyingi za siku hizi, zimepakwa madini ya zinki ili zisishike kutu. Utazitambua kwa rangi yake ya kijivu kama bati jipya. Spoku nyingi za baiskeli na mbavu za mwavuli nazo zimepakwa. Ukiweka chuma cha namna hiyo kwenye makaa yanayopulizwa kwa nguvu, zinki huyeyuka, na joto likizidi hugeuka moshi mweupe. Anayevuta moshi huo anaweza kujiona mzima mchana kutwa, kisha usiku akashikwa na baridi ya kutetemeka, homa, kiu na ladha ya chuma mdomoni. Kwa mji wetu, mtu akitetemeka usiku jambo la kwanza tunalofikiria ni malaria. Mafundi wa kuchomelea mageti wanaifahamu homa hii. Kwa kawaida huondoka yenyewe ndani ya siku moja au mbili, lakini mwenye pumu anaweza kuzidiwa, na kubanwa na kifua si jambo la kusubiri nyumbani. Wapo wanaokunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, alhamdulillah, lakini yanakwenda tumboni na moshi ulikwenda mapafuni. Chagua msumari mweusi wa kawaida usiopakwa kitu.

Wengine wana kile chuma cha umeme ambacho mafundi redio hutumia kuyeyushia risasi ya kuunganisha nyaya. Kinafaa sana kwa kuchora, kwa kuwa joto lake halipandi na kushuka kama la msumari wa makaani. Ila risasi ya mafundi, hasa ile ya zamani, ina madini ya lead ndani yake, na madini hayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto hata yakiingia mwilini kwa kiasi kidogo. Ncha iliyokwisha kutumika kwenye redio isiguse mwiko wala kibao cha jikoni. Nunua ncha mpya, au fundi akusaidie kufunga kipande cha waya mnene wa shaba isiyo na rangi, na hiyo iwe ya mbao peke yake. Anayefanya kazi hiyo anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Kuna pia lenzi, kile kioo cha kukuzia maandishi cha wazee. Ukikielekeza kwenye jua la saa sita, nukta ya mwanga inaunguza mbao na kuchora mstari mwembamba mzuri, bila mkaa wala umeme. Watoto wanaipenda mno njia hii, na ni ya bure. Hatari yake ni macho. Kutazama jua kupitia lenzi hata kwa nukta ya sekunde kunaweza kuunguza sehemu ya ndani ya jicho ambayo haina maumivu, hivyo mtoto hatalia na mzazi hatajua hadi atakapoanza kushindwa kusoma. Hata ile nukta yenyewe juu ya mbao inang'aa kupita kiasi, kwa hiyo miwani ya jua ya giza ivaliwe. Na kazi ikiisha lenzi ifunikwe kwa kitambaa. Lenzi iliyosahaulika dirishani imewahi kuwasha mapazia ya watu.

Njia isiyo na nafasi katika nyumba yoyote

Kupitia simu, vijana wameanza kuona video za watu wanaochora mbao kwa umeme mkali. Mbao inapakwa maji ya chumvi au ya magadi, kisha nyaya mbili zinazotoka kwenye transfoma ya oveni ya maikrowevu zinagusishwa kwenye mbao, na umeme unatambaa ukiacha michoro kama matawi ya mti. Inapendeza kuitazama. Lakini transfoma ile inatoa umeme wa volti zipatazo 2000, na mtu akiugusa mara moja moyo unaweza kusimama hapo hapo. Huko Marekani njia hii imeua watu wengi, wakiwemo mafundi wenye uzoefu, hadi chama cha wachongaji mbao kwa mashine cha nchi hiyo kikapiga marufuku kuionyesha katika mikusanyiko yake. Glovu za jikoni na kandambili za mpira havizuii umeme wa namna hiyo.

Kwa vile maikrowevu mbovu zinauzwa bei ya chuma chakavu, zana hii inaonekana rahisi. Ukimwona mwanao anaifungua, ichukue na uiondoe nyumbani siku hiyo hiyo, na umweleze sababu. Amri bila maelezo itampeleka kufanya kwa jirani.

Mbao gani ichomwe

Unapochoma mbao unavuta kilichomo ndani yake. Mbao zenye rangi ya kijani kijani zinazouzwa kwa kuezekea zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na aina moja inayotumika sana ya dawa hiyo imetengenezwa kwa shaba, kromiamu na aseniki. Ukiichoma, aseniki inatoka na moshi. Vipande vya nguzo za umeme ni vivyo hivyo, na vile vyeusi vinavyonuka lami havina nafuu. Plaiwudi na ubao wa unga wa mbao ulioshikizwa kwa gundi hutoa hewa ya fomaldehaidi inayochoma macho na koo. Mbao iliyopakwa rangi, hasa ya mlango wa zamani, inaweza kuwa na lead. Hizo zote ziache.

Paleti zinazotoka bandarini zinapendwa kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Tazama muhuri wake. Penye herufi HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto tu, na hiyo inafaa ikiwa haijamwagikiwa na kemikali njiani. Penye MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya kuulia wadudu, usiitumie. Isiyo na muhuri kabisa, usibahatishe.

Katika miti ya nyumbani, mpera, mchungwa na mlimau inatoa mbao nyeupe iliyoshikana, na mchoro unaonekana vizuri. Msonobari unachorwa kwa urahisi lakini una utomvu unaotoa moshi mwingi na mistari yake haitulii. Mvule ni mti wa heshima, ila vumbi lake linasababisha vipele na kubanwa na kifua kwa baadhi ya watu, kama ilivyo kwa mtiki. Mnyaa usiuguse kabisa, kwani maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kupofusha. Na kifuu cha nazi, kile tunachotengenezea upawa, ndicho ninachokipendekeza kuliko vyote. Hakina gharama, kina rangi ya kupendeza kikisuguliwa, na nukta za msumari zinakaa juu yake kama shanga. Kifuu ni kigumu na kinataka subira, basi kisuguliwe kwa msasa uliolowa maji ili vumbi lisiruke.

Vumbi la mbao nalo si la kudharau. Taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia utafiti wa saratani imeliweka tangu mwaka 1995 katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Hilo linawahusu zaidi mafundi wa kila siku kuliko mtoto wa likizo, lakini hakuna sababu ya kulizoea. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa cha maji, isifagiliwe kavu.

Moshi na mahali pa kukaa

Mbao huanza kugeuka kahawia kwenye joto la nyuzi kama 200, na kuwa nyeusi kati ya 250 na 300. Chuma kilichoiva wekundu kina nyuzi 600 au zaidi. Sasa utaona kosa la vijana wengi. Wanautoa msumari ukiwa mwekundu na kuugandamiza kwenye mbao papo hapo, mbao inashika moto, moshi unafuka na mchoro unakuwa shimo. Msumari utolewe, ujaribiwe kwanza kwenye kipande kisicho na kazi, na usubiriwe mpaka uache alama ya kahawia bila kutoa mwali. Ukiwa na misumari minne inayopokezana kwenye makaa, huchelewi. Mchoro unakuwa safi na moshi unapungua zaidi ya nusu, na hili nimelishuhudia kwa vijana wale wale.

Kazi ifanyike nje au barazani penye upepo, mchoraji akikaa upepo ukitokea ubavuni mwake ili moshi uende upande wa pili. Kinachoumiza ni ile tabia ya kuinamia mbao hadi pua ikakaribia mchoro. Inua mbao kwa kuiegemeza kwenye tofali. Kufunga kitambaa puani kunazuia vumbi kidogo, hakuzuii hewa zenye sumu. Mwenye pumu, mjamzito na mtoto mchanga wakae mbali.

Jiko la mkaa kamwe lisiingizwe chumbani kwa ajili ya kazi hii, hata mvua ikinyesha. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, anajilaza apumzike, na wengine hawaamki. Akionekana na dalili hizo atolewe nje haraka na apelekwe hospitali.

Weka kando ndoo ya maji kwa ajili ya makaa na kopo la maziwa lililojaa mchanga mkavu kwa ajili ya misumari. Kila msumari unaotoka mkononi uingie kwenye kopo, ncha ikiwa chini, wala usilazwe sakafuni ambako mdogo wake anapita pekupeku. Sheria ya nyumba iwe kwamba kila chuma kilichoko karibu na jiko kina moto, mpaka kiwe kimetoswa majini. Na jioni makaa yazimwe kwa maji mpaka yaache kufuka. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim imepokelewa habari ya nyumba iliyoungua usiku huko Madina na watu wake wakiwemo, na Mtume (S.A.W.) akawahimiza watu kuzima moto wanapolala.

Kwa vyombo vya chakula

Mchoro uwe kwenye mpini wa mwiko au upande wa nje wa upawa, usiwe mahali panapogusa chakula. Mistari iliyochimbika inashika mabaki ya ugali na mchuzi, na humo vijidudu huzaliana. Masizi yasuguliwe kwa msasa laini, chombo kioshwe, kikaushwe juani, kisha kipakwe mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo na kufutwa. Vanishi ni ya meza na viti. Oili chafu ya gari, ambayo wengine huipaka mbao zote kwa ajili ya mchwa, ina mabaki ya kemikali zenye kudhuru na haifai kabisa kukaribia sufuria. Na yeyote apakaye vanishi, aiondoe mkononi kwa mafuta ya kupikia na sabuni kabla haijakauka, kwa kuwa tabaka lake kwenye kucha na vidole linazuia maji ya udhu kufika kwenye ngozi.

Nimeulizwa pia kuhusu kuandika aya au majina ya Allah (S.W.) kwenye vibao vya jikoni. Chombo kinachoangushwa, kinachokatiwa samaki na kuoshwa katika maji machafu si mahali pake. Majani, minyororo na nyota vinatosha, au jina la mwenye chombo.

Akiungua

Ondoa pete, bangili na saa mara moja kabla mkono haujavimba. Weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20 kamili. Mtungini kwa kata pia inafaa, mwagia polepole mfululizo. Dakika 20 ni nyingi kwa mtoto anayelia, lakini hizo ndizo zinazozuia joto kuendelea kuingia ndani, na hata kama saa moja au mbili zimepita bado maji yana faida. Barafu haifai, inaumiza ngozi zaidi. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichonata. Usitumbue malengelenge.

Dawa ya meno, ute wa yai, unga, majivu na mafuta ya taa vinafungia joto ndani na kupeleka uchafu kwenye jeraha. Najua msomaji atauliza kuhusu asali, nayo imetajwa katika Suratun-Nahl kuwa ina ponyo. Uchunguzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba majeraha ya moto yasiyozama sana yalipona mapema zaidi kwa asali kuliko kwa bendeji za kawaida. Hiyo si sababu ya kukimbilia chupa ya kabatini. Asali inayotumika hospitali imesafishwa kuua vijidudu, na hupakwa baada ya jeraha kupozwa na kuoshwa. Maji kwanza, mengine aamue mganga.

Nenda hospitali bila kusubiri ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au liko usoni, mkononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, au limekuwa jeupe au jeusi na haliumi, au ni la umeme hata likionekana dogo. Kwa umeme, zima kwenye swichi kuu kabla ya kumgusa. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Kijana yule, kiganja chake kilichukua wiki tatu kupona. Mama yake aliniuliza atatawadhaje. Asiloweshe jeraha ikiwa maji yatalidhuru. Anaosha viungo vilivyo vizima, na palipofungwa anapitisha mkono wenye maji juu ya bendeji. Akiambiwa na mganga kwamba hata huo unyevu ni hatari, mafakihi wameeleza nafasi ya tayamamu, na namna ya kuichanganya na udhu ina maelezo yanayotofautiana kati ya madhehebu, basi amuulize imamu wa msikiti wake akiwa amemwonyesha jeraha lenyewe.

Wabillahi tawfiiq.